Madeleine Vionnet, fundi aliyegeuza kitambaa

Kuna jina moja la Paris ambalo kila fundi cherehani alipaswa kulijua, na wengi wetu hatulijui. Chanel tunamjua. Dior tunamjua. Herufi za Louis Vuitton tunazikuta mpaka kwenye kava za simu na kandambili. Lakini ukiniuliza ni nani aliyelifanya gauni la kike liteleze juu ya mwili, likafuata nyonga na mgongo bila kubanwa na chochote ndani yake, jibu langu ni Madeleine Vionnet, na nitalitetea jibu hilo mbele ya yeyote.

Mimi nashona nguo, na habari zake nilianza kuzisoma kwa ajili ya kazi tu. Nilitaka kujua namna ya kukata kitambaa mshazari bila kunisumbua. Nilipozidi kusoma nikakuta jambo ambalo mpaka leo linanigusa: huyu mama alijua kitambaa kinavyotenda na alijua mgongo wa mshonaji unavyouma, na yote mawili aliyajua kwa sababu moja. Alikaa kwenye kazi hiyo tangu utotoni.

Alizaliwa tarehe 22 Juni 1876 huko Chilleurs-aux-Bois, kijiji cha mkoa wa Loiret, kusini mwa Paris. Mama yake aliondoka nyumbani yeye akiwa bado mdogo sana, akalelewa na baba, mtoza ushuru, huko Aubervilliers, kitongoji cha wafanyakazi upande wa kaskazini wa jiji. Shuleni alikuwa hodari, hasa kwenye hesabu, na mwalimu wake alitamani aendelee na masomo mpaka naye awe mwalimu. Uwezo haukuwepo. Kabla hajatimiza miaka 13 alikuwa tayari ni mwanagenzi kwa mshonaji wa hapohapo mtaani. Hesabu ile haikupotea, na nitaeleza mbele iliingia wapi.

Akiwa na miaka 18 akaolewa. Akazaa mtoto wa kike, mtoto akafariki angali mchanga, na ndoa nayo ikavunjika. Baada ya hapo alifunga virago akavuka bahari kwenda London. Alianza kwa kushona nguo za hospitali, kazi ambayo hakuna anayeitungia hadithi nzuri, kisha akapata nafasi kwa Kate Reily, mshonaji wa mtaa wa Dover aliyewavisha mabibi wa tabaka la juu la Uingereza. Huko alipanda mpaka kusimamia chumba cha ushonaji. Na huko aliona kwa macho yake namna magauni ya Paris yalivyonunuliwa, yakafumuliwa, yakanakiliwa. Kumbuka jambo hilo, kwa sababu lilimkaa rohoni miaka yote iliyofuata.

Aliporudi Paris mwanzoni mwa karne aliingia Callot Soeurs, jumba la mitindo lililoendeshwa na akina dada wa familia moja. Mkubwa wao, Madame Gerber, alikuwa na kipaji cha kutandaza kitambaa juu ya mwili na kukiacha kionyeshe kinataka kuelekea wapi. Kazi ya Vionnet ilikuwa kuchukua wazo hilo na kuligeuza kuwa nguo halisi, yenye mishono na vipimo, kwanza kwa kitambaa cha bei rahisi, baadaye kwa hariri. Miaka mingi baadaye alikiri kwamba bila akina dada hao angeendelea kutengeneza Ford maisha yake yote, na kwamba wao ndio waliomwezesha kutengeneza Rolls-Royce. Napenda kwamba alisema hivyo akiwa ameshawapita kwa umaarufu. Wakuu wengi wa mitindo huzungumza kana kwamba hawakuwahi kufundishwa na mtu.

Mwaka 1907 alihamia kwa Jacques Doucet, jumba la kale lenye heshima kubwa pale rue de la Paix. Doucet alitaka damu changa. Vionnet akampa kuliko alivyoomba: akawatoa wanamitindo mbele ya wateja wakiwa na ndala tu miguuni, magauni yakiwa yamekaa moja kwa moja juu ya mwili, bila korseti. Ili uelewe uzito wa jambo hilo, korseti ilikuwa ni fremu ya chuma au vijiti vitokavyo kinywani mwa nyangumi, ikakazwa kwa kamba mgongoni, na mwanamke wa heshima hakutoka nyumbani bila kuivaa. Kwa fundi maana yake ilikuwa kwamba gauni halishonwi juu ya mtu. Linashonwa juu ya fremu. Wauzaji wa Doucet hawakupendezwa na mapinduzi hayo, wakawa wanawaonyesha wateja nguo nyingine.

Vitabu vingi vinampa Paul Poiret, mbunifu mwenzake wa Paris, sifa ya kuondoa korseti, na ni kweli kwamba miaka ileile naye alikuwa akiiondoa. Vionnet hakukubali kamwe kwamba Poiret alimtangulia. Katika ugomvi huo mimi niko upande wa mama. Poiret alimfungua mwanamke kiuno, halafu akamletea sketi zilizobana miguuni kiasi cha kumzuia kupiga hatua ya kawaida. Vionnet hakuhamisha kifungo kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Alitaka mwili uachwe.

Mwaka 1912 alifungua jumba lake mwenyewe, namba 222 rue de Rivoli. Alikuwa na miaka 36, na nyuma yake zaidi ya miaka 20 ya sindano. Miaka miwili baadaye vita vikaja, akafunga. Alipofungua tena vita vilipomalizika ndipo ilipoanza kazi ninayotaka kuizungumzia hasa.

Chukua kipande cha kitambaa kilichofumwa kwa kawaida. Nyuzi za mtande zinakwenda kwa urefu, nyuzi za mshindio zinapita katikati yake kwa upana, zinakutana kama misalaba midogo isiyo na idadi. Kivute kwa urefu, kinagoma. Kivute kwa upana, kinakubali kidogo sana. Sasa kishike pembe kwa pembe, yaani mshazari, ukivute: kinarefuka, kinakonda katikati, na ukikiachia kinajirudi. Kila fundi anajua hili, kwa sababu ndivyo tunavyokata mkanda wa kuzungushia shingo na makwapa, ili upinde bila kukunjamana. Mafundi wa Ulaya nao walikijua tangu zamani, wakakitumia kwenye kola, kwenye mapambo, kwenye vipande vidogo vidogo.

Vionnet alikata gauni zima hivyo. Kwa maneno inaonekana ni jambo dogo. Kwa vitendo ni kubadili msingi wa ushonaji. Ukikata kwa kufuata urefu wa kitambaa, ukitaka kibane kiunoni lazima ukikunje, ukitie mishono ya kupunguza, ukisaidie kwa vifungo. Ukikata mshazari, kitambaa kinajitafutia njia yake. Kinapanuka penye nyonga, kinajikusanya penye kiuno, kinateremka kwa uzito wake. Magauni yake mengi ya usiku hayakuwa na kifungo wala ndoana. Mwanamke aliyaingia kwa kichwa, kitambaa kikatanuka kumpisha, kisha kikatulia. Inasemekana alipenda kusema kwamba mwanamke akitabasamu, gauni lake nalo linapaswa kutabasamu pamoja naye. Mtu aliyevaa mshazari ataelewa kwamba hayo si mashairi.

Lakini mshazari una gharama. Kwanza unakula kitambaa, kwa sababu ukikilaza pembe kwa pembe upana wa kawaida hautoshi mwili wa mtu mzima. Ndiyo maana aliagiza krepu, kitambaa laini kinachoteremka vizuri, iliyofumwa kwa upana wa mita mbili hivi, akishirikiana na Bianchini-Férier, watengenezaji wa hariri wa Lyon. Pili, mshono wa mshazari ni mkaidi. Ukiuvuta kidogo tu chini ya sindano unatoka na mawimbi. Tatu, mtande na mshindio havina nguvu sawa, kwa hiyo gauni likining'inia linarefuka upande huu kuliko upande ule. Mimi nilijaribu kwanza kwa kitenge, nikaona hakifai kwa kazi hii, ni kigumu, kinasimama badala ya kuteremka. Kwa krepu laini mambo yalibadilika kabisa, ila nililazimika kulitundika gauni kwanza, kuliacha lishuke lenyewe, halafu ndipo nikasawazisha pindo. Hata mafundi wa Vionnet walifanya hivyo. Kuna hatua za ushonaji ambazo karne nzima ya mashine haijaweza kuzifupisha.

Hakuwa akichora. Wabunifu wengi huanza na penseli, wakamkabidhi fundi karatasi na kumwachia tabu ya kutafuta njia. Vionnet alianza na mwanasesere wa mbao, wa urefu wa sentimita 80 hivi, mwenye viungo vinavyokunjika, aliyemweka juu ya kiti cha piano kinachozunguka. Alimfunga kitambaa, akamzungusha, akamkata, akamzungusha tena. Kwa namna hiyo hakuwahi kubuni nguo ya mbele tu. Nguo zake zina mgongo na zina ubavu, na mara nyingi uzuri wote uko huko.

Hesabu za Aubervilliers ndipo zilipojitokeza. Ukilifumua gauni la Vionnet hukuti vile vipande vyenye umbo la mwili tulivyovizoea. Unakuta miraba, pembetatu, mistatili, robo ya duara. Gauni lake ninalolipenda kuliko yote, la karibu mwaka 1920, lilitengenezwa kwa miraba minne ya krepu. Miwili mbele, miwili nyuma, kila mmoja umeshikwa kwa pembe yake juu ya bega, kwa hiyo ukiteremka unateremka mshazari, na chini pindo linaishia kwenye ncha kama leso zilizoning'inizwa. Miraba minne! Hakuna kilichopunguzwa kiunoni, hakuna kilichobuniwa kuficha. Nimelichunguza gauni hilo kwenye picha mara nyingi na bado linanistaajabisha kwamba kitu rahisi kiasi hicho kinaweza kukaa mwilini kwa heshima kiasi hicho.

Wala hakuogopa mapambo, ingawa aliyataka yamtii. Ukishona shanga ovyo juu ya kitambaa cha mshazari, uzito wake unakifunga kisisogee. Gauni la mwaka 1921 lenye farasi wadogo, lililochukua sura ya vyombo vya udongo vya Ugiriki ya kale, lilitariziwa kwa namna ya kuacha kitambaa kiendelee kucheza. Aliyesimamia mapambo katika jumba lake alikuwa Marie-Louise Favot, ambaye baadaye aliolewa na Albert Lesage. Wawili hao ndio walioanzisha karakana ya utarizi ya Lesage, inayofanya kazi mpaka leo chini ya Chanel.

Mwaka 1923 jumba lilihamia namba 50 avenue Montaigne, kwa mtaji wa wawekezaji akiwemo Théophile Bader wa duka kubwa la Galeries Lafayette. Lilikuwa kasri hasa, na vyumba vya wateja vilipambwa kwa vioo vya René Lalique. Magazeti yaliandika habari za vyumba hivyo. Mimi navutiwa zaidi na jengo la nyuma.

Maisha ya mshonaji wa Paris wakati ule yalikuwa magumu. Mei 1917, vita vikiendelea, wasichana wa majumba ya mitindo waligoma, wakaandamana barabarani wakidai nyongeza ya posho na mapumziko ya Jumamosi mchana, na serikali ikalazimika kutunga sheria ya kuwapa mapumziko hayo. Walikuwa wakikaa kwenye vibao visivyo na egemeo, kutwa nzima wameinama, kwenye vyumba vyenye mwanga hafifu, wakishona nguo ambazo mshahara wa mwaka mzima usingetosha kununua.

Vionnet alikaa kwenye vibao hivyo tangu utoto. Alipopata uwezo wa kujenga, alijenga vyumba vyenye mwanga na hewa, akawapa mafundi viti vyenye egemeo. Akaweka kantini. Akaweka daktari na daktari wa meno. Akatoa likizo yenye malipo, na msaada kwa mama aliyejifungua. Sheria ya Ufaransa ya kumpa kila mfanyakazi likizo yenye malipo ilikuja mwaka 1936, baada ya migomo mikubwa nchi nzima. Kwa Vionnet wafanyakazi walikuwa wameshazoea. Wakati jumba likiwa katika kilele chake, waliofanya kazi humo walizidi 1,000.

Simfanyi malaika. Alikuwa tajiri, bosi mkali katika ubora wa kazi, na wateja wake walikuwa wale wachache wa dunia wenye uwezo wa kuvaa hariri ya Lyon. Lakini nimewahi kufanya kazi kwenye chumba cha mafundi ambako feni ilikuwa kwa mwenye duka tu, na kwa hiyo habari ya kiti chenye egemeo siioni kuwa ndogo. Mtu ambaye hajawahi kushona kuanzia asubuhi mpaka taa zinawashwa hawezi kukikumbuka kiti anapopanga bajeti ya jengo. Aliyeshona anakikumbuka kwanza. Hapo ndipo ninapoiona akili ileile iliyokata miraba minne: alianza na mwili, akauliza unahitaji nini.

Jambo la kunakiliwa nalo alilipigania kwa nguvu zote. Majumba ya Paris yaliishi kwa hofu hiyo. Mnunuzi alikuja kwenye maonyesho, akakariri gauni, akatoka nje akalichora. Au mteja aliazimisha gauni lake kwa usiku mmoja, likarudi limeshapimwa. Ufaransa ilikuwa na sheria ya mwaka 1909 ya kulinda michoro na miundo, lakini sheria haisaidii kama huna ushahidi. Vionnet akatengeneza ushahidi. Kila gauni lilipigwa picha mbele ya vioo vilivyopangwa ili uonekane mbele, ubavu na mgongo kwa mara moja, likapewa namba, likaingia kwenye albamu. Na kwenye lebo, pamoja na sahihi yake, aliweka alama ya dole gumba. Ndiyo, dole gumba lilelile ambalo kwetu bibi zetu walilitia kwenye karatasi za ofisini. Herufi mtu anaziiga, kidole haigi.

Aliwapeleka wanakili mahakamani na akashinda. Sijui kama yeye mwenyewe alitarajia kwamba albamu hizo zingekuja kuwa na thamani kuliko kesi zote.

Miaka ya 1930 ilikuwa migumu kwa wauza anasa kila mahali, wateja wa Marekani wakiwa wamepungua baada ya anguko la soko la hisa la mwaka 1929. Kazi yake ya miaka hiyo lakini ni ya juu sana, na magauni marefu ya usiku ya mshazari ambayo sinema ziliyaeneza dunia nzima yalitokana na alichokuwa amekifundisha. Agosti 1939 akaonyesha mkusanyiko wake wa mwisho. Vita vikaanza, akafunga. Alikuwa na miaka 63. Aliishi miaka mingine 35 bila kufungua tena, mpaka alipofariki Machi 1975 akiwa na umri wa miaka 98.

Nimefikiria sana kwa nini Chanel amebaki kila mahali na Vionnet ametoweka. Sehemu ya jibu ni manukato. Chanel alitoa No. 5 mwaka 1921, na kuanzia 1924 kampuni ya manukato ikaendeshwa na akina Wertheimer, wafanyabiashara waliojua kuuza chupa moja kwa mamilioni ya watu wasioweza kununua gauni. Jina likaishi hata pale duka la nguo lilipofungwa wakati wa vita. Vionnet hakuacha chupa ya namna hiyo wala mrithi, na kitu alichokijua kuliko watu wote hakiuziki kwenye rafu. Majumba ya anasa tunayoyajua leo yamesimama juu ya manukato, mikoba na miwani. Fundi anabaki nyuma kabisa ya biashara hiyo, na mimi naona ni hasara.

Mafundi wenyewe hawakumsahau. Christian Dior, aliyekuja kufungua jumba lake namba 30 ya mtaa uleule wa avenue Montaigne, alimweka juu kabisa katika sanaa ya kushona. Azzedine Alaïa, mzaliwa wa Tunis, ambaye naye aliyatengeneza magauni yake kwa mikono yake mwenyewe, aliyakusanya ya Vionnet na kuyachunguza mshono kwa mshono. Jina la Vionnet liliuzwa, likafufuliwa, likabadilisha wenyewe mara kadhaa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 2018 kampuni hiyo ikasitisha kazi tena. Sikuwahi kushtuka kwa habari hizo. Jumba lilikuwa ni mikono ile, na mikono ile ilitawanyika mwaka 1939.

Mwaka 1952 alichukua zaidi ya magauni 100 aliyoyahifadhi, pamoja na albamu 75 za picha zile za ushahidi, akazitoa zawadi kwa chama kilichokuwa kikihifadhi historia ya mavazi. Leo ziko kwenye Musée des Arts Décoratifs, Paris, na mwaka 2009 makumbusho hayo yalifanya maonyesho makubwa ya kazi zake. Makumbusho ya Metropolitan, New York, nayo yana magauni yake mengi, na picha zake zimewekwa kwenye intaneti bure. Fundi anayesoma hapa naomba azitafute, na asiishie kwenye picha ya mbele. Atazame ya ubavuni, atafute mshono uko wapi, kisha achukue mita chache za krepu ya bei nafuu akate miraba minne aone inavyoteremka. Aache kitambaa kining'inie mpaka kesho yake kabla ya kugusa pindo.